Unamsaka babu katika sensa? Daftari za kale zilihesabu vichwa, majina yako kwingine

KILA baada ya miaka kumi, makarani wa serikali hubisha hodi katika kila boma nchini na kuuliza maswali yale yale: nani alilala hapa usiku wa kuhesabiwa, ana umri gani, ni wa kabila gani, alizaliwa wapi. Zoezi la Agosti 2019 lilipata watu 47,564,296. Si ajabu basi kwamba mtu anayetaka kuijua nasaba yake hudhani majibu waliyotoa babu na nyanya zake kwa makarani wa zamani yamehifadhiwa mahali fulani, na kwamba akiyafikia atalipata jina la babu wa babu yake.

Dhana hiyo ni sahihi katika baadhi ya mataifa. Hapa Kenya, ina mipaka yake, na asiyeijua mipaka hiyo atapoteza siku na nauli akitafuta kitu ambacho hakikuandikwa. Sensa za mapema za nchi hii zina manufaa makubwa kwa mwenye kutafiti ukoo wake, lakini manufaa hayo si ya kumpa jina. Humwonyesha mahali pa kutafuta, wakati wa kutafuta na neno la kutafutia. Jina lenyewe limo katika daftari nyingine.

Wala jambo hili si la kujifurahisha tu kwa wastaafu wenye nafasi. Mahakamani, kesi za urithi wa mashamba huamuliwa kwa ushahidi wa nani alimzaa nani. Aidha, kuna Wakenya ambao kwa miaka mingi walidaiwa wathibitishe asili ya wazazi wao kabla ya kupewa kitambulisho. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitambuliwa rasmi mwaka wa 2016. Washona, ambao wazazi wao walitoka Zimbabwe kuja kueneza injili, walisubiri hadi 2020. Wanubi wa Kibera, wajukuu wa askari waliotumikia jeshi la Waingereza, walipata hatimiliki ya ardhi ya jamii mwaka wa 2017. Kwa jamii kama hizo, karatasi moja yenye jina na tarehe ina uzito kuliko simulizi mia.

Mfano wa ng'ambo

Imani kwamba sensa humpa mtu majina ya mababu imetokana na desturi za Uingereza na Marekani. Nchini Uingereza, fomu za sensa tangu 1841 ziliandika jina la kila mtu aliyekuwa nyumbani, nazo hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 100. Zile za 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Marekani husubiri miaka 72, na fomu za 1950 zilifunguliwa Aprili 2022. Mjukuu huketi nyumbani mbele ya kompyuta, akaandika jina la ukoo na kumwona babu yake akiwa mtoto wa miaka mitatu.

Hata huko, hata hivyo, mapengo yapo. Fomu za Uingereza za 1931 ziliteketea kwa moto mwaka wa 1942, nazo fomu nyingi za Marekani za 1890 ziliharibika katika moto wa 1921. Pengo kubwa zaidi halikuletwa na moto. Katika sensa za Marekani za 1850 na 1860, watumwa waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao, kwa umri, jinsia na rangi, bila majina yao wenyewe. Wengi wao waliandikwa kwa majina kwa mara ya kwanza mwaka wa 1870, baada ya kuachwa huru. Wamarekani wenye asili ya Afrika wanaotafuta mababu hugonga ukuta katika mwaka huo.

Mkenya anayetafuta babu yake ana ukuta wa aina hiyo hiyo, ila wake uko karibu zaidi na wakati wetu.

Nani alihesabiwa, na lini

Serikali ya kikoloni ilifanya sensa mwaka wa 1911, 1921, 1926 na 1931. Zote hizo ziliwahesabu Wazungu, Wahindi, Wagoa na Waarabu. Ndiyo maana tunajua kwamba Wazungu walikuwa 9,651 mwaka wa 1921 na kwamba walifika 16,812 mwaka wa 1931. Mwafrika hakuhesabiwa. Idadi ya Waafrika ilikadiriwa tu: mkuu wa wilaya alichukua idadi ya nyumba zilizolipiwa kodi, akaizidisha kwa wastani wa watu aliodhani wamo katika kila nyumba, kisha akapeleka jibu kwa wakubwa wake.

Sensa ya kwanza iliyowahesabu Waafrika ni ya 1948. Ilipata jumla ya watu 5,405,966 katika Kenya nzima, na kati yao Waafrika walikuwa 5,251,120. Lakini maswali aliyoulizwa Mwafrika yalikuwa machache mno: kabila lake, jinsia yake, na kama alikuwa mtu mzima au mtoto. Baadaye, yapata asilimia 10 ya watu walihojiwa kwa kina zaidi. Kilichochapishwa ni majedwali ya tarakimu kwa wilaya na kabila.

Ikafuata sensa ya 1962 iliyopata watu 8,636,263, kisha ya 1969, ya kwanza baada ya Uhuru, iliyopata 10,942,705. Tangu hapo zoezi limekuwa likifanywa kila baada ya miaka kumi. Majina ya watu hayachapishwi. Sheria ya Takwimu ya 2006 inazuia kutolewa kwa habari zinazomtambulisha mtu binafsi. Kwa hivyo anayekwenda katika Shirika la Takwimu la Taifa akiomba fomu ya boma la babu yake atarudi mikono mitupu.

Manufaa ya majedwali

Pamoja na upungufu huo, mtafiti hafai kuyapuuza majedwali. Humsaidia kwa njia tatu.

Kwanza, humwonyesha watu wa kabila lake walikuwa wapi wakati fulani. Familia yenye simulizi kwamba babu "alikuwa kwa Mzungu huko Bonde la Ufa" inaweza kuona katika ripoti ya 1948 ni wilaya zipi za Bonde la Ufa zilizokuwa na watu wengi wa kabila lao. Badala ya kupekua nyaraka za mkoa mzima, mtafiti huanzia katika wilaya mbili au tatu.

Pili, humfundisha majina ya kale. Anayetafuta neno Kalenjin katika nyaraka za 1920 hatalipata, kwa kuwa jina hilo lilianza kuenea katika miaka ya 1940. Wakipsigis waliandikwa Lumbwa, Watugen wakaandikwa Kamasia, Wakeiyo wakawa Elgeyo na Wapokot wakaitwa Suk. Wamijikenda walijumlishwa pamoja kwa jina Nyika. Waluo na Waluhya wote waliitwa Kavirondo, wa kwanza wakipambanuliwa kuwa Waniloti na wa pili kuwa Wabantu. Baadhi ya majina hayo yalikuwa ya dharau, na wenyewe hawakuyapenda, lakini ndiyo yaliyoandikwa kwenye majalada, na asiyeyatafuta hataona kitu.

Ndivyo ilivyo pia kwa miji. Murang'a iliitwa Fort Hall, Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls, Webuye ikawa Broderick Falls na Kisumu ilianza kwa jina Port Florence.

Tatu, majedwali humtahadharisha kuhusu mipaka. Hadi 1902, eneo la magharibi, kuanzia Naivasha hadi Kisumu, lilikuwa sehemu ya Uganda. Turkana nayo iliingizwa Kenya kutoka Uganda mwaka wa 1926, ilhali Jubaland ilikabidhiwa Waitaliano mwaka wa 1925. Familia ya magharibi inayotafuta habari za kabla ya 1902 haina budi kufikiria nyaraka za Entebbe.

Lipo na tatizo la watu waliokaa katikati ya makundi. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, alizaliwa Eldama Ravine mwaka wa 1911, baba yake akiwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Mwaka huo huo wa sensa, Wagoa walikuwa na safu yao kwenye jedwali. Wamaasai hawakuwa nayo, na walingoja hadi 1948. Huko Pwani, Waswahili wa Mombasa walishindana kwa muda mrefu na serikali waliyoiona ikiwashusha hadhi kwa kuwatenga na Waarabu katika mambo ya kodi. Matokeo ni kwamba ndugu wawili wa damu moja wanaweza kuonekana chini ya vichwa viwili tofauti. Mtafiti asiamini kichwa kimoja tu.

Daftari zenye majina

Je, jina la babu liko wapi? Mahali pa kwanza pa kutafuta ni katika daftari za kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka wa 1901, na mwaka wa 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa vijana wa kiume wasiokuwa na nyumba, kuanzia umri wa miaka 16 hivi. Daftari hizo ziliandikwa kwa mtaa na kwa mzee wa eneo, zikitaja jina la mwenye boma na idadi ya nyumba alizolipia.

Zikisomwa kwa makini, zinasema mengi. Kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, mwanamume aliyelipia nyumba tatu huenda alikuwa na wake watatu, au alimlipia mama yake mjane. Kijana anayeonekana kwa mara ya kwanza mwaka wa 1925 yaelekea alizaliwa karibu na 1909. Yafaa kukumbuka kwamba umri wenyewe ulikisiwa kwa kumtazama mtu, na kwamba wapo waliobomoa nyumba au kuwasongamanisha wake katika nyumba moja ili kuikwepa kodi. Daftari ya kodi inaonyesha kile mtoza kodi alichofaulu kukiona.

Pili ni kipande. Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika ilitungwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alipaswa kubeba cheti chenye jina lake, kabila, mahali atokako, alama za vidole na orodha ya waajiri wake pamoja na mshahara. Wazee walikichukia kipande kwa haki, kwani kilimfanya mtu kama mbwa mwenye kengele shingoni. Leo hii, kipande kilichofichwa ndani ya sanduku la bati huweza kuonyesha mwendo wa babu kutoka shamba hadi shamba kwa miaka 20. Mfumo huo ulifutwa kwa sheria ya 1947 iliyoanzisha usajili wa watu wa rangi zote.

Tatu ni vita. Maelfu kwa maelfu ya wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi kati ya 1914 na 1918, na kumbukumbu yao imebaki katika jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Wengi wao hawakurudi. Mwaka wa 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na kwamba idadi hiyo huenda ikafika 350,000. Kwa hivyo, familia isiyompata mpagazi wake kwenye orodha isikate kauli kwamba hakwenda vitani.

Wahindi waliojenga reli wana njia yao. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa kwa mkataba wafanyakazi 31,983, ambapo 2,493 walifariki na 6,724 wakabaki baada ya mkataba kuisha. Kwa kuwa waliajiriwa kwa mkataba, kizazi chao kina mahali pa kuanzia ambapo Waafrika wengi hawana.

Nne, na pengine bora kuliko zote, ni vitabu vya dini. Kanisa lilifika Rabai mwaka wa 1846, likaanzisha makao ya watumwa walioachwa huru huko Freretown mwaka wa 1875, na kufikia 1906 lilikuwa na vituo Thogoto, Kaimosi na Maseno. Kitabu cha ubatizo huandika tarehe, jina jipya la mbatizwa na mara nyingi majina ya wazazi na msimamizi. Kwa upande wa Waislamu, ndoa na talaka zilisajiliwa kwa kadhi, na madai ya ardhi ya Pwani yaliyofanywa chini ya sheria ya 1908 yamebeba majina ya wenye mashamba na mipaka yao.

Mwisho ni ardhi. Katika Mkoa wa Kati, mashamba yaliunganishwa na kugawanywa upya katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari. Sajili za kwanza za ardhi zilizotokana na kazi hiyo hutaja mwenye shamba wa kwanza, na mara nyingi mbari yake. Vyeti vya kuzaliwa na vifo havifiki mbali hivyo, kwa sababu kuandikisha vizazi na vifo vya Waafrika kulianza kulazimishwa, wilaya baada ya wilaya, kati ya 1963 na 1971.

Nyanya amefichwa wapi?

Msomaji atakuwa amegundua kwamba daftari nyingi zilizotajwa ni za wanaume. Katika daftari ya kodi, nyanya ni nyumba moja kati ya tatu. Kipande hakikumhusu. Hata sheria ya 1947 ilisajili wanaume, na wanawake wakajumuishwa mwaka wa 1978. Ndiyo maana anayemtafuta mama wa baba yake aanze na vitabu vya ubatizo na ndoa, na awaulize akina shangazi kabla ya wajomba.

Miaka isiyo na tarehe

Ugumu mwingine ni umri. Mtu asiyejua mwaka aliozaliwa huambiwa na karani "andika 40" au "andika 45", na hivyo miaka inayoishia kwa sufuri na tano hurundikana. Makarani wa sensa wamezoea kutumia kalenda ya matukio, na mtafiti naye atumie njia hiyo hiyo.

Njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19, ambayo Wakamba waliiita Yua ya Ngomanisye na Wakikuyu Ng'aragu ya Ruraya, ilikuwa kati ya 1897 na 1901. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Homa kali ya mafua iliua watu mwaka wa 1918, na njaa ya mihogo ya Wakikuyu inakumbukwa kuwa ya 1943. Bibi anayesema alikuwa akinyonya wakati wa homa ya mafua amekwisha kutoa mwaka wake.

Majina ya rika husaidia pia, lakini yana mtego. Kwa Wanandi, kwa mfano, majina saba ya rika huzunguka na kurudi baada ya karne na zaidi, hivyo jina moja laweza kuwa la babu au la babu wa babu. Vivyo hivyo kwa Wakikuyu, ambao mjukuu huitwa jina la babu yake. Majina mawili yanayofanana katika daftari ya 1915 na ya 1950 si lazima yawe ya mtu mmoja.

Pa kuanzia

Kazi huanzia nyumbani. Andika majina ya wazazi, babu na nyanya, mahali walipozaliwa, mbari au mlango wao, kanisa au msikiti walioabudu na waajiri wao. Fungua sanduku la zamani utafute kipande, risiti za kodi na vyeti vya ubatizo. Hapo ndipo uende katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya 1965, na ambayo iko Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa la Bank of India. Huko, majalada ya serikali yaliyotimiza miaka 30 hufunguliwa kwa umma. Omba kwanza ripoti za mwaka za wilaya husika, kwani zitakujuza mitaa na machifu wa wakati huo, kisha uulize daftari za majina. Ujue pia kwamba baadhi ya majalada yalisafirishwa hadi Uingereza kabla ya Uhuru, jambo lililofichuka wazi mwaka wa 2011 wakati wa kesi ya wapiganaji wa Mau Mau.

Kila jina utakalolipata, litafutie shahidi wa pili. Jina lililo katika daftari ya kodi na katika kitabu cha ubatizo, huku likikubaliana na simulizi ya wazee, linaweza kusimama hata mbele ya hakimu. Jina lililoonekana mahali pamoja tu lingali fununu.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kwa kuwa fomu zetu za sensa nazo zimefungwa kwa sheria, wajukuu wetu hawatatuona humo kama sisi tusivyowaona mababu zetu. Usiku wa sensa ijayo, karani akishaondoka, kila mwenye boma atoe daftari yake, aandike majina kamili ya waliolala humo, wazazi wao na mahali walikozaliwa, atie tarehe na kuiweka mahali pakavu.